Kutazama ndege wahamao katika delta ya Luiche: huduma inayostahili kulipiwa

Ukiuacha mji wa Ujiji kwa upande wa kusini, nyumba hupungua polepole, michikichi na migomba huchukua nafasi yake, kisha ardhi hulainika na kuwa majaruba ya mpunga, matete na mafunjo, hadi mahali Mto Luiche unapoingia Ziwa Tanganyika. Kutoka Kigoma mjini ni mwendo mfupi wa bodaboda, na wengi wetu tunaoishi hapa tunaifahamu delta hiyo kama mahali unakotoka mchele, na pengine kama mahali penye mbu wengi. Sasa kuna kikundi kidogo cha vijana wa Ujiji kinachowapeleka watu huko alfajiri, kwa miguu na kwa mtumbwi, kuwatazama ndege wa majini, hasa wale wanaotoka Ulaya na kaskazini mwa Asia na kukaa kwetu kati ya Septemba na Aprili. Nilitumia huduma hiyo mwishoni mwa Machi, nikalipa bei ileile wanayolipa wengine, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama fedha yake itakuwa imetumika vizuri. Kwa maoni yangu itakuwa imetumika vizuri, ingawa zipo kasoro ambazo wahusika wanapaswa kuzirekebisha kabla ya msimu ujao.

Huduma ya namna hii ninaipima kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, ndege waliendelea kula wakati wageni wapo? Chamchanga, ndege mdogo wa kando ya maji, anayekula kwenye tope la Luiche mwezi Machi hatafuti shibe ya siku hiyo peke yake. Anaweka akiba ya mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya kurudi kuzaliana katika nchi za Skandinavia au Siberia, safari inayomlazimu kuvuka Sahara, ambako pa kutua na kula ni pachache mno. Baadhi ya ndege wa jamii hii huongeza uzito hadi kukaribia mara mbili kabla ya kuanza safari ndefu. Kila anapofukuzwa malishoni hupata hasara ya aina mbili kwa mpigo, kwani anachoma mafuta aliyokwisha kuyaweka na anapoteza muda ambao angeutumia kuyaongeza. Mgeni anayemkimbilia ndege ili apate picha nzuri haoni hasara hiyo, kwa sababu ndege huruka akatua mbele kidogo na kila kitu kikaonekana kuwa sawa. Deni lenyewe hulipwa jangwani, mbali na macho yetu.

Kwa kipimo hicho, vijana hawa wanafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Tangu kwenye simu tuliombwa kuvaa nguo za rangi zilizopoa na kuacha nyumbani manukato na vipaza sauti. Tulipofika kwenye majaruba tulitembea kwa mstari mmoja juu ya tuta, kiongozi akiwa mbele, na alipoona tumefika umbali unaotosha alituchuchumalisha bila kutupa nafasi ya kubishana. Mmoja wetu, mama wa makamo aliyekuja na mjukuu wake, alimwomba asogee kidogo ili mtoto aone vizuri. Kiongozi alimjibu kwa upole, "Hapana mama, tukae hapa hapa. Akinyanyua kichwa na kuacha kula, ameshatuona. Akianza kutembea haraka, sisi ndio tumekosea." Kisha akampa mtoto darubini yake mwenyewe. Tulikaa pale kwa muda mrefu, na ndege waliokuwa karibu zaidi nasi, badala ya kuondoka, walizidi kutusogelea.

Niliyemtazama zaidi alikuwa chamchanga wa majarubani, ndege wa uzito wa kama gramu 60, mwenye mgongo wa kahawia uliojaa madoa meupe, mstari mweupe juu ya jicho na miguu ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Alitembea ndani ya maji yasiyofika kwenye magoti yake, akidonoa juu ya maji, kushoto, kulia, mbele, bila kuchimba, na kila baada ya hatua chache akitikisa mwili wake wa nyuma. Pembeni yake walikuwepo wengine wadogo zaidi, wa nusu ya uzito huo au hata pungufu, wakikimbia na kudonoa kwa kasi ambayo darubini ilishindwa kuifuata. Hao wadogo huzaliana kwenye nyanda zisizo na miti kando ya Bahari ya Aktiki, ambako kiangazi hudumu wiki chache, na ndiyo sababu hawana ruhusa ya kuchelewa kuondoka kwetu.

Baadaye kiongozi aliteka tope kiganjani, akalisuuza taratibu mpaka vikabaki viumbe vyembamba vyekundu vilivyokuwa vikijikunja na kujikunjua. Alitueleza kuwa hao ni mabuu ya visubi wa majini, wale wasiouma, na kwamba wekundu wao unatokana na himoglobini, kitu kilekile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, ambayo huwawezesha kuishi katika tope lenye hewa kidogo sana ya oksijeni. Maelezo hayo ni sahihi, na yalitolewa mahali pake, tope likiwa bado linachuruzika kwenye vidole vyake. Kutoka hapo akatuonyesha jinsi ndege wanavyogawana meza moja: vitwitwi wenye midomo mifupi huona chakula kwa macho, hukimbia na kukidaka juu ya tope, ilhali wenye midomo mirefu huuzamisha mdomo na kuhisi mawindo kwa ncha yake yenye mishipa mingi ya fahamu. Kwa hiyo jaruba ambalo upande mmoja lina maji ya sentimita chache na upande wa pili yanafika magotini linaweza kulisha ndege wa aina nyingi bila ugomvi mkubwa, na jaruba lililosawazishwa au kukaushwa lote huwalisha wachache au halimlishi yeyote. Huu ndio ufafanuzi bora wa ardhioevu niliowahi kuusikia, nami nimesikia kadhaa katika vikao.

Wakati wa mapumziko, tukinywa chai kwa mihogo ya kuchemsha na karanga, alisimulia habari za korongo mweupe aliyepigwa risasi mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa karibu sentimita 80 uliopenya shingoni mwake. Ndege huyo alikuwa amechomwa huku kwetu Afrika, akanusurika, akaruka na mkuki wake hadi Ulaya, na mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla ya hapo walikuwepo wasomi wa Ulaya walioamini kwamba ndege wanaotoweka majira ya baridi hujificha chini ya maji. Hatukumwona korongo mweupe siku hiyo, lakini naona ni haki kisa hicho kisimuliwe kando ya ziwa letu, kwa sababu mkuki wa mtu wa Afrika, ambaye jina lake halikuandikwa popote, ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba ndege wa kule na wa huku ni walewale.

Sehemu ya pili ya huduma ni ya mtumbwi, na hapa sifa zinamwendea mzee anayeuendesha. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia, "Marahaba wanangu, kaeni katikati, miguu ndani," kisha hakusema mengi tena. Hatumii injini. Kwenye maji ya kina kifupi anausukuma mtumbwi kwa upondo, na kwenye kina anashika kasia, akipita nyuma ya matete ili kivuli chetu kisiwaangukie ndege. Kwa njia hiyo tulifika karibu na kichanga kilichoko mlangoni mwa mto, ambako buabua wenye mabawa meupe walikuwa wakiruka juu ya maji. Ndege hawa hawajitupi majini kama mdiria. Hushuka kwa wepesi, hudonoa mdudu juu ya maji na kupanda tena bila kulowa. Mwishoni mwa Machi wanabadili manyoya, kwa hiyo tuliwaona katika hatua zote: wengine bado wakiwa wa kijivu na weupe, wengine na mabaka meusi kifuani, na wachache wakiwa weusi kabisa mwilini na chini ya bawa, vazi ambalo huenda nalo kuzaliana kwenye mabwawa ya Ulaya ya Mashariki na Asia. Mtu anayetaka kuona kwa macho yake kwamba safari inakaribia, hana haja ya kalenda. Awatazame buabua hao.

Hatukuwa tumeshiba kutazama boti ya injini ya watu wengine ilipokatiza kati ya kichanga na ufukwe kwa mwendo wa kasi, abiria wakiwa wamesimama na simu zao juu. Kundi zima liliruka: buabua, chamchanga, yangeyange, hata mnandi waliokuwa wakianika mabawa. Mzee aliacha kupiga kasia, akatazama kwa muda, kisha akasema, "Hao sasa watazunguka mpaka wachoke." Kweli ilichukua muda mrefu kwa sehemu yao kutua tena, na chamchanga hawakurudi kabisa tukiwepo. Nimelieleza hili kwa sababu mgeni akitafuta usafiri wa kwenda Luiche ataelezwa kwamba boti ya injini ni ya haraka na inafika karibu zaidi. Ni kweli inafika karibu zaidi, lakini inafika mahali ambapo ndege wameshaondoka.

Sasa nizitaje kasoro. Tulipatana kukutana saa 12 alfajiri, lakini tuliondoka jua likiwa limeshapanda. Kigoma, kwa kuwa iko magharibi kabisa ya nchi, jua lake huchelewa, na mwishoni mwa Machi huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Ile saa moja ya mapambazuko ndiyo tuliyoipoteza, na ndiyo saa ambayo ndege hula kwa bidii, mwanga ni laini na mvuke wa joto haujaanza kuchezesha picha kwenye darubini. Sababu iliyotolewa ni kumsubiri mgeni aliyechelewa. Sidhani kama inatosha: waliowahi wasiadhibiwe kwa ajili ya aliyechelewa, na ndege hawamsubiri mtu.

Darubini za kuazima ni za ukubwa unaofaa, 8×42, maana yake zinakuza mara nane na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42, inayoingiza mwanga wa kutosha alfajiri bila kuwa nzito mno shingoni. Hata hivyo, mojawapo ilikuwa imepotoka ndani, pengine baada ya kuanguka, ikawa inaonyesha picha mbili badala ya moja. Aliyeishika alilalamika kichwa kuuma kabla hatujafika nusu ya safari. Kifaa kibovu kinapaswa kubaki nyumbani. Ni afadhali watu wawili wapokezane kizuri.

Jaketi okozi hazikutosha kwa watu wote wa kundi letu. Nawasifu kwa kukataa katakata kumpakia mtu asiye na jaketi, lakini matokeo yake ni kwamba nusu ya kundi ilibaki ufukweni juani ikisubiri zamu, bila kivuli wala mtu wa kuizungumzisha. Mlango wa mto si mahali pa kufanyia mchezo, kwani mamba na viboko ni sehemu ya maisha ya Ziwa Tanganyika na upepo wa ziwa hubadilika bila kuaga. Wanunue jaketi zaidi au wapunguze idadi ya wageni. La pili halina gharama. Choo hakipo pia, na kwa safari inayomalizika karibu na saa 5, hilo ni tatizo hasa kwa akina mama na watoto.

Bei ni shilingi 30,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mwanafunzi, pamoja na chai. Kwa mfuko wa Kigoma si bei ndogo, nami nilitaka kujua inakwenda wapi. Nilielezwa, na nikashuhudia, kwamba sehemu yake hupewa wakulima ambao tunapita kwenye matuta yao, na mmoja wao alipokea fungu lake mbele yetu. Huu ndio mpango ninaoupenda kuliko yote katika huduma hii. Mkulima wa mpunga ndiye anayeamua lini jaruba lifurike na lini likauke, dawa gani ya wadudu imwagwe na kiasi gani, na kama watoto wake watatega ndege au la. Akiona chamchanga anamletea fedha ya chumvi na daftari za shule, hatahitaji semina ya kumshawishi. Ningeongeza tu kwamba mgawo huo uandikwe na utangazwe, ili mgeni ajue na mkulima asipunjwe pindi wageni watakapoongezeka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na delta ndogo iliyobanwa na mji, ilhali mkoa wetu una sehemu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000 na lenye korongo nyangumi, ndege ambaye watu husafiri kutoka mabara mengine kumtafuta. Nalithamini eneo hilo. Lakini kulifikia kunahitaji gari imara, siku kadhaa na fedha nyingi, na mwanafunzi wa Ujiji hulisikia redioni tu. Luiche anaifikia kwa baiskeli. Zaidi ya hapo, ndege mwenye uchovu hachagui ardhioevu kwa kusoma orodha. Hutua palipo na tope, maji ya kina kifupi na utulivu, na kwa upande huu wa ziwa, wenye vilima vinavyoteremka moja kwa moja majini na maji yanayokuwa ya kina kirefu hatua chache kutoka ufukweni, tope la namna hiyo ni adimu. Hapo ndipo thamani ya milango ya mito ilipo.

Mji nao unaisogelea delta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na fukwe za maziwa, lakini anayetembea kwenye tuta huona jinsi kipimo hicho kinavyofupishwa kidogo kidogo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019 imesaidia; chupa za plastiki bado zinashuka na mto kila mvua inaponyesha. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni lile ambalo kiongozi wetu aligusia kwa ufupi tu, nalo lilistahili nafasi kubwa zaidi katika maelezo yake: ziwa hili halikai mahali pamoja. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, kisha mwaka 1878 Mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo, ukafungua njia yake na maji yakashuka, ndiyo maana pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 sasa pako mbali zaidi na ufukwe. Katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena na kumeza nyumba, mialo na barabara za pwani ya Kigoma. Tope la ndege husogea pamoja na maji: yakipanda nalo hupanda, yakishuka hurudi. Likikuta nyuma yake kuna ukuta na nyumba, halina pa kwenda, na wageni wa Septemba watafika wakute kina kirefu kinachogonga zege. Anayepanga viwanja kusini mwa Ujiji angepaswa kuichukua safari hii kabla ya kuchora ramani.

Kiongozi ana daftari ambamo huandika tarehe, saa, hali ya maji, aina ya ndege na idadi yao. Nililipitia wakati wa chai, nikalikuta limeandikwa kwa unadhifu na uaminifu. Pale ambapo hakuwa na hakika ya aina, ameandika hivyo. Daftari hilo lina uzito kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Kwa vigezo vya Ramsar, ardhioevu huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikiwa kwa kawaida inahifadhi ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya ndege wote wa kundi la aina moja, na hakuna njia ya kulijua hilo bila mtu wa mahali hapo kuhesabu mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini inayoratibiwa na shirika la Wetlands International imekuwa ikifanyika kila Januari tangu mwaka 1967. Nilimshauri ahesabu kila Januari kwa njia ileile, kutoka mahali palepale, na nimsisitizie hapa tena: anakili kurasa zake au azipige picha, kwa sababu daftari moja la karatasi ndani ya mtumbwi ni hifadhi dhaifu mno kwa kazi ya miaka.

Kwa anayetaka kwenda, kuna misimu miwili ya kuchagua. Oktoba maji ya ziwa huwa yameshuka kuliko miezi mingi, tope hufunuka kwa upana, na ndege ndio kwanza wanawasili, wengi wakiwa na mavazi ya kijivu yasiyotofautiana sana, jambo linalomchosha asiyezoea. Machi na mwanzo wa Aprili mvua zinaweza kuharibu asubuhi nzima, lakini ndege wanavaa rangi na wanakula kwa pupa. Kama ni safari yako ya kwanza, chagua wakati huo. Vaa gambuti na usitembee peku majini, kwani kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia penye matete. Beba maji yako ya kunywa, kofia, na darubini yako kama unayo. Piga simu siku moja kabla, waambie bila kumung'unya maneno kwamba unataka kuwa juu ya tuta kabla jua halijachomoza, na uulize kama idadi ya jaketi inalingana na idadi ya watu. Kama watakuambia kwamba siku hiyo mzee wa upondo hayupo na wamepata boti ya injini badala yake, omba tarehe nyingine.